Macho ya Mama, Mikono ya Mabinti



Mama yetu amewachora hina maharusi wa mtaani tangu sisi hatujazaliwa. Mwaka huu macho yake yamefifia. Usiku mmoja wa kuamkia harusi, ua alilolichora kwenye kiganja cha bibi harusi lilikwenda upande. Sisi binti zake tuliona haya, tukamwambia, "Mama, sasa pumzika." Hakujibu kitu. Alikunja mkeka wake akaingia ndani.

Siku chache baadaye tukasoma habari za Nampeyo, mfinyanzi wa kijiji cha Hano, katika ardhi ya Wahopi huko Arizona, Marekani. Wahopi ni miongoni mwa jamii za Wapueblo, na kwa mila yao ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Hawatumii gurudumu. Udongo husokotwa kama kamba, ukapandishwa pindi juu ya pindi, kisha chungu husuguliwa kwa jiwe laini hadi king'are. Nakshi huchorwa kwa brashi ya jani la yuka, na vyungu huchomwa kwa samadi ya kondoo.

Nampeyo alijifunza kutoka kwenye vigae vya Sikyatki, kijiji kilichohamwa karne nyingi kabla yake. Kwa vipande hivyo alizifufua nakshi za kale: mbawa, manyoya, midomo ya ndege iliyopinda, zikizunguka bega la chungu.

Kisha macho yake yakapotea nuru. Hakuacha kazi. Vidole vilikuwa vinaujua udongo, akaendelea kufinyanga kwa kupapasa, na binti zake wakawa wanachora. Alifariki mwaka 1942, na kizazi chake kinafinyanga hadi leo.

Tulitazamana. Binti zake walimkamatia mama yao brashi. Sisi tulimnyang'anya wetu.

Tulikwenda kumwomba radhi. Siku hizi mama ndiye anayekoroga hina, na huijua kwa ncha ya kidole kama imewiva. Huushika mkono wa bibi harusi, akaupapasa, akatwambia ua lianzie wapi na shina lipite wapi. Sisi tunachora.

Enyi maharusi, mkija kwetu, ibusuni kwanza mikono hiyo. Na nyinyi wenye mama zenu, msiharakishe kuwakunjia mkeka. Allah atujaalie radhi zao. Amin.