Bibi Arusi wa Barua

Akina mama wa kikundi chetu hapa Kasulu hawakukubaliana hata kidogo juu ya Sarah. Kwa jioni mbili niliwasimulia riwaya ya Mmarekani Patricia MacLachlan, Sarah, Plain and Tall, iliyotoka mwaka 1985. Ni kitabu chembamba. Kinaeleza habari za zamani, wakati wanaume waliohamia mbuga za magharibi ya nchi ile walipotafuta wake kwa matangazo ya gazeti. Jacob, mgane mwenye watoto wawili, anatangaza. Sarah, anayeishi mbali kando ya bahari, anajibu.

Mama mmoja alisema papo hapo kwamba mwanamke wa namna hiyo amejishusha. Wazazi wako wapi? Mshenga ni nani? Wengi waliitikia. Ndipo bibi mmoja wa Kibondo, aliyekuwa kimya akichambua maharage, akacheka. Yeye aliposwa mwaka 1960 na mtu aliyekuwa kwenye mashamba ya mkonge, Tanga. Wanaume wengi wa Buha walikwenda manamba enzi za Mwingereza, wakishuka Kigoma kupanda gari moshi la reli iliyofika hapo mwaka 1914. Barua ilikuja, katekista akaisoma mbele ya ukoo, shemeji akaja kumchukua.

"Mlidhani mimi nilimwona wapi?" alituuliza.

Hapo mazungumzo yakageuka. Mwingine akamkumbuka Rebeka, katika Mwanzo sura ya 24, aliyefuatana na mtumishi wa Ibrahimu kwenda kwa mume asiyemjua. Lakini Rebeka aliitwa kwanza, akaulizwa kama atakwenda. Bibi wa Kibondo hakuulizwa. Alilisema hilo bila uchungu, au labda uchungu wenyewe umeshachakaa.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nilikwama mahali pengine. Mama wa watoto wale alifariki asubuhi baada ya kumzaa mdogo, Caleb. Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi. Namjua mgane anayetoka mlangoni na kichanga ndani ya kanga. Arobaini haijapita, ndugu wameanza kumtafutia mke, na huyo wanayemwita mke, kwa kweli wanamtafuta yaya. Jacob angalau hakuficha watoto wake. Wao wenyewe waliuliza kwa barua kama Sarah anaimba, naye akajibu kwamba anaimba. Aliwaambia pia kwamba ni mrefu na si mrembo. Kisha akaja kwa mwezi mmoja tu, ili aone.

Mwezi huo ndio uliotugawa. Majaribio katika ndoa, mchungaji atasemaje? Binafsi sikuona majaribio. Niliona mwanamke aliyeacha mlango wa kurudi wazi.

Akina mama wenzangu, nina sababu ya kuyaandika haya. Binti wa kaka yangu, fundi cherehani wa miaka 22, amechumbiwa kwa simu na kijana wa Dar es Salaam. Picha nimeziona: shati jeupe, na gari ambalo si lazima liwe lake. Ameahidi kutuma nauli, ya kwenda tu. Mimi shangazi nimesema kwanza aje yeye Kasulu pamoja na mzee wa kwao. Wapime virusi vya UKIMWI wote wawili, na kama ana mtoto mahali atuambie sasa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Siku hizo nazitaka zote, na tangazo lisomwe kanisani kwetu pia. Kaka anasema nitamfukuza mchumba. Inawezekana.

Binti naye aliongeza swali lake: je, ataruhusiwa kwenda na cherehani yake?

Ujumbe ulikwenda Jumapili. Leo ni Alhamisi, kijana hajajibu, na binti yuko barazani anashona sare za shule.