Sufuri ya Mashine Ilinifanya Niombe Radhi

Jioni moja mwezi uliopita nilifoka hadi majirani wakachungulia. Mpwa wangu, ambaye namlipia karo katika chuo kimoja hapa Nairobi, alikuwa amepata sufuri katika zoezi la kuunda ukurasa wa tovuti.

"Jasho langu unalitupa mtoni!" nilimkaripia.

"Mjomba, ukurasa unafanya kazi. Hebu tazama mwenyewe," alijibu kwa upole.

Aliufungua. Nikaandika bei ya unga na idadi ya pakiti, nikabonyeza kitufe. Jumla ikatokea, tena sahihi. Sasa sufuri ilitoka wapi?

Ndipo aliponieleza kwamba kazi zao husahihishwa na programu. Hiyo hufungua ukurasa, hujaza fomu, hubonyeza kitufe, kisha hulinganisha jibu na lile ililopewa. Haina macho kama yetu. Hutafuta kila kisanduku kwa jina lake. Zoezi lilitaka kisanduku cha jibu kiitwe "jumla". Kijana aliandika "Jumla". Kwa tarakilishi, hayo ni majina mawili tofauti. Haikukiona kisanduku, ikatoa sufuri.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya yameanza jana. Mwaka wa 1960, Jack Hollingsworth alieleza jinsi kazi za wanafunzi, zilizotobolewa kwenye kadi, zilivyosahihishwa na tarakilishi katika taasisi ya Rensselaer, Marekani. Wanafunzi wakiwa mamia, mwalimu mmoja hawezi kusoma kila mstari. Isitoshe, mashine haichoki wala haijui mtoto wa nani ni nani.

Hata hivyo, haimjui aliyekesha wala aliyelala. Nilipokuwa chuo cha uanahabari, kalamu nyekundu ya mwalimu iliniumiza mara nyingi, lakini pembeni iliandika pia: "Wazo zuri, rekebisha sentensi."

Siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi ilikuwa imepita. Nilimshauri amwone mhadhiri, naye akaufungua ukurasa ule mwenyewe na kumpa nusu ya alama. Sikulalamika. Maagizo yalikuwa wazi, na kijana hakuyasoma vyema.

Lakini mimi je? Nilimhukumu kwa tarakimu moja, bila kuitazama kazi yake. Tofauti yangu na mashine ile ilikuwa ipi? Usiku huo nilimwomba radhi.

Mzazi mwenzangu, mwanao akileta sufuri, kabla hujafoka mwambie hivi: "Hebu nionyeshe kazi yako."