Akiba Yenye Mpaka

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hii hufunzwa watoto wangali madarasa ya chini, na aghalabu hufafanuliwa kwa mifano ya ghala la mahindi au fedha zilizowekwa benki. Ni nadra kuisikia ikifafanuliwa kwa betri ya gari. Hata hivyo, katika mabanda ya jua kali mjini Kakamega, maana ya akiba hupimwa kwa mita na bisibisi. Fundi anayefunga betri ya pili katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hukabiliwa na swali ambalo methali haikulijibu: akiba italindwaje dhidi ya mwenye akiba?

Kakamega ni nchi ya mvua. Msitu wake ni sazo la msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, na njia nyingi za udongo zilizo nyuma ya Shinyalu na Isecheno hugeuka utelezi mtupu alasiri moja tu ya ngurumo. Gari likigoma kuwaka huko, kulisukuma ni kazi bure. Miguu ya wasukumaji huteleza kabla ya magurudumu kugeuka. Ndiyo maana dereva mmoja wa Land Cruiser alilipeleka gari lake kwa fundi siku ya Jumatano, betri mpya ikiwa sakafuni pamoja na jokofu dogo la volti 12. Gari hilo lilikuwa libebe chanjo hadi vijijini.

Chanjo ni mzigo wenye masharti. Nyingi kati ya zile wanazopewa watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, pamoja na ile ya malaria, RTS,S, ambayo mwaka 2019 ilianza kutolewa katika maeneo teule ya kaunti 8 za magharibi mwa Kenya, Kakamega ikiwa mojawapo. Kwa kawaida wauguzi hutumia sanduku lenye vipande vya barafu. Jokofu la garini huongeza saa za safari, ila nalo hudai umeme hata injini inapozimwa.

"Fundi, unganisha tu moto kwa moto, bodi kwa bodi," dereva alisema. "Kesho alfajiri tunatoka."

"Nikifanya hivyo, ndugu yangu, utakuwa na betri moja kubwa," fundi alimjibu. "Mbili hutakuwa nazo."

Jibu hilo ndilo kiini cha kazi yote. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ina seli 6, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Ikijaa na kutulia, mita husoma karibu volti 12.6, ikishuka hadi 12.2, nusu ya akiba imekwenda. Stata ya injini ya dizeli hudai mamia ya ampea, japo kwa sekunde chache tu. Jokofu nalo halina pupa. Huonja kidogo kidogo, wastani wa ampea 2 hivi, lakini kwa saa 24 huwa limekula ampea-saa 48, yaani karibu nusu ya betri ya ampea-saa 100. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Betri mbili zilizofungwa pamoja bila kitenganishi huchovywa zote mbili, na asubuhi stata hukuta buyu tupu.

Dawa ya tatizo hili ni rilei inayohisi volti. Injini inapowaka, alteneta huinua volti hadi 14 na ushei. Rilei inapohisi takriban volti 13.3 huunganisha betri mbili, zikashwa kwa pamoja. Injini ikizimwa na volti zikashuka hadi karibu 12.8, rilei huachia. Tangu hapo jokofu hula betri ya nyuma peke yake, na betri ya mbele hubaki kumngoja dereva. Ikumbukwe kwamba baadhi ya magari mapya yana alteneta ambayo hupunguza volti makusudi ili kuokoa mafuta. Hayo huhitaji chaja maalumu ya kupandisha volti, kwa kuwa rilei pekee haitoshi.

Ubishi wa pili ulizuka juu ya waya. Dereva alikuwa amenunua waya mwembamba wa milimita mraba 6, mita 5, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Fundi alimpigia hesabu kwa chaki kwenye ubao. Ampea 40 zikipita katika waya huo, volti 0.6 hivi hupotea njiani na kuwa joto. Alteneta itatoa 14.2, betri ya nyuma itapokea 13.6, nayo haitajaa vyema hata safari ikichukua saa tatu. Katika waya wa milimita mraba 25, hasara ni takriban volti 0.14. Dereva alirudi dukani, ingawa uso wake haukuficha uchungu wa fedha.

Tatu ni fyuzi. Mwanagenzi wa fundi alikuwa ametayarisha fyuzi moja tu ya kuwekwa upande wa mbele.

"Waya huu una chemchemi ngapi?" fundi alimuuliza.

"Mbili, mzee."

"Basi ukikatika katikati ukagusa bodi, utachomwa kutoka pande zote mbili."

Kila betri ikawekewa fyuzi yake ya ampea 100, karibu kabisa na teminali ya chanya. Palipotobolewa bati, mpira ulivishwa tundu lisije likala ganda la waya kwa mtikisiko wa barabara. Betri ya nyuma, aina iliyozibwa, ilifungwa kwa mkanda wa chuma. Betri ya maji ingehitaji sanduku lenye bomba la kutoa hewa nje, kwani betri inaposhwa yaweza kutoa haidrojeni, gesi ambayo cheche moja huilipua. Teminali za hasi ndizo zilizofungwa mwisho, kama ambavyo ndizo hufunguliwa kwanza, ili spana ikigusa bodi isizue cheche.

Ilipofika jioni kazi ilikuwa imekamilika, ila fundi alikataa kulitoa gari kabla halijalala na jokofu likiwashwa. Dereva alifoka. Safari ilikuwa imetangazwa, na kuna akina mama ambao wangefunga watoto mgongoni na kutembea hadi kituoni. Hoja yake ilikuwa nzito. Fundi aliisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba mama aliyeambiwa aje Ijumaa atakuja Ijumaa, lakini aliyekuja Alhamisi akakosa gari huenda asije tena. Simu zilipigwa usiku ule na siku ikasogezwa.

Kuhusu methali, fundi ana nyongeza ambayo humpa kila mteja anapomkabidhi ufunguo. Akiba ya betri huoza. Betri ya risasi ikiachwa tupu kwa majuma kadhaa, chembe za salfeti hugandamana kwenye bamba zake, na hakuna chaja itakayoirejeshea nguvu zake zote. Kwa hiyo betri ya pili haifai kusahauliwa nyuma ya kiti. Itumike, lakini isishushwe chini ya nusu. Ijazwe tena upesi. Na mita isomwe kila juma hata gari likiwa limeegeshwa.

Alhamisi asubuhi mwanagenzi ndiye aliyeshika mita. Betri ya nyuma ilisoma volti 12.4. Ya mbele ilisoma 12.6. Kipimajoto cha jokofu kilionyesha nyuzi 5. Dereva, aliyekuwa bado amenuna, alizungusha ufunguo mara moja tu, na injini ikanguruma.