Samaki wa madoa ya bluu ndani ya beseni letu

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini tumeweka mawe na samaki katika beseni, wakati samaki ni wa sufuria. Juma hili tunawajibu.

Tuko wanne: walimu wawili na mama wawili wa kikundi. Samaki tunayemlea ni yule mwembamba anayeogelea kwa makundi karibu na mawe, dume akiwa na safu za madoa ya bluu yanayong'aa juani. Wanasayansi wanamwita Lamprichthys tanganicanus. Walimwandika mwaka 1898, na kwao kwa asili ni Ziwa Tanganyika. Dume mkubwa anafika sentimita 15 hivi. Katika miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akituma samaki wa ziwa hili kutoka Bujumbura, wakafugwe katika masanduku ya vioo huko ng'ambo. Mpaka leo kuna watu wa mbali wanaolipa pesa ili wamtazame samaki huyu nyumbani mwao. Hapa Swima watoto wengi wanamwona akiwa amekwisha kufa ndani ya chandarua.

Samaki mkubwa hatumshiki. Magamba yake yanatoka upesi, na akiguswa mkononi mara nyingi anakufa. Tunalea mayai. Jike hutaga ndani ya nyufa za mawe, kwa hiyo tunafunga mawe mawili bapa kwa kamba, tunaacha nafasi nyembamba katikati, tunayalaza majini siku chache. Tukiyatoa tunakuta mayai madogo, maangavu, yamebanwa humo. Tunayabeba pamoja na mawe yake ndani ya maji yale yale ya ziwa.

Hatuna umeme wala pampu, kwa hiyo beseni linakaa kivulini, na kila asubuhi tunapunguza maji kidogo na kuongeza mapya ya ziwa. Yai likigeuka jeupe tunalitoa, lisiozeshe mengine. Baada ya majuma mawili hivi watoto wanatoka, wembamba kama uzi, wakikaa juu juu ya maji. Chakula chao ni kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kile kidogo kinachoshika kwenye ncha ya sindano. Wakikua wanakula viluwiluwi vya mbu.

Mara ya kwanza tulikuwa na mayai 40. Yalianguliwa 23. Leo wanaishi 9. Mtoto mmoja wa darasa la nne aliwahesabu kila siku, kisha akauliza: "Na wale wanaovutwa na chandarua mara moja, ni wangapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu, maana watoto wa samaki katika chandarua hawahesabiki.

Tunajua kwa nini mama anavuta chandarua kando ya ziwa. Ndakala zimepanda bei, na mtoto hawezi kulala njaa. Hatumhukumu mtu. Lakini tundu la chandarua ni dogo mno: linazuia hata samaki wachanga, wa aina hii na wa aina nyingine zote, pamoja na wale ambao wangekuwa mboga yetu mwakani. Na usiku uleule mtoto analala bila chandarua, mbu wanamuuma, malaria inaingia nyumbani.

Samaki tisa hawajazi ziwa. Tunachoomba kikundi kijadili ni mambo mawili: chandarua kirudi kitandani, na sehemu moja ya mawe tuliyochagua pamoja isiguswe na wavu wowote.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani: funika beseni kwa kitambaa au wavu, mtoto mdogo asitumbukie na mbu wasitage. Beseni la samaki lisiwe tena la kunawia wala la vyombo. Maji ya ziwa yanayofaa samaki hayafai kunywewa bila kuchemshwa au kutiwa dawa, kipindupindu tunakijua.

Wakifika urefu wa kidole tutawarudisha palepale tulipoweka mawe. Njooni na watoto siku hiyo, wawaone wakiondoka.