Kilomita za Anga na Siku za Msafiri

Kitabu cha safari za ndege kina tabia ya kusema nusu ya kweli. Husema kwamba kutoka Dar es Salaam hata Songea ni kilomita 580 hivi, na kwamba ndege ya pangaboi huzimaliza kwa muda wa saa moja na nusu. Hesabu hiyo haina kosa. Mpimaji hutwaa mahali pa viwanja viwili, akatafuta njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, ambayo kila digrii yake moja ni kilomita 111. Kisha hugawa kwa mwendo wa ndege, akaongeza dakika za kupaa na kutua. Milima haimhusu, wala maziwa.

Lakini Songea si mwisho wa safari ya mtu wa Mbamba Bay. Ana kilomita 100 hivi za kwenda Mbinga, kisha nyingine zaidi ya 60 za kuteremka milima ya Wamatengo, katika mikahawa na mashamba ya ngolo, hata ufukwe wa Ziwa Nyasa. Kabla ya lami, masika yaliweza kumshika msafiri siku nzima katika mteremko huo.

Ajabu kubwa zaidi iko ng'ambo. Kutoka Mbamba Bay hata Nkhata Bay, katika Malawi, ni kilomita 60 hivi za maji, na watu wa pwani hii wana jamaa kule. Mmoja wao akipata habari ya msiba, naye akategemea ndege, hana budi kulipa ziwa kisogo: apande Mbinga, afike Songea, aruke hata Dar es Salaam, aruke tena kilomita 970 hata Lilongwe, kisha ashike barabara ndefu ya kaskazini. Kilomita 1,550 za angani kwa maji ambayo chombo cha mwendo wa kilomita 15 kwa saa kingeyavuka kwa saa nne! Atakapofika, kaburi limekwisha kufunikwa.

Ukaribu wa namna hii, usio na mawasiliano, si mgeni hapa. Agosti 1914 meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa ufukoni Liuli ikitengenezwa, meli ya Kiingereza, Gwendolen, ilipotokea na kuipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani alimwendea mwenzake kwa hasira, kwani walikuwa marafiki. Vita vilikwisha kutangazwa, naye hana habari.

Wako wanaotamani kiwanja cha ndege ufukoni. Matamanio hayo si mabaya, ila ndege zake zikianzia Dar es Salaam, mfiwa yule hatapunguziwa ila barabara ya Songea. Haja yake ni meli ya kuvuka, yenye siku inayojulikana na nauli ya mvuvi.