Samaki wa Methali

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Kijana mmoja wa Doldol aliikariri methali hiyo tangu shule ya msingi, akaifafanua katika mitihani na kuzoa alama zote, ilhali hakuwa amewahi kumtia samaki machoni. Doldol ni nchi kavu ya migunga na mawe, mwendo wa kilomita 50 na ushei kaskazini mwa Nanyuki. Maji ya huko ni ya silanga, na silanga ni ya mifugo. Nyumbani kwao samaki aliitwa nyoka wa majini, na aliyemla alidhaniwa kuwa ameishiwa na mbuzi.

Alipomaliza kidato cha nne na karo ya chuo ikakosekana, alipata kibarua cha kuwabebea wavuvi mizigo katika Ziwa Rutundu, ziwa dogo lililo juu ya msitu, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Huko ndiko alikokutana na trauti. Samaki huyu naye ni mgeni nchini: mnamo 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskochi, akawatia katika Mto Gura, Nyandarua. Baadaye aina nyingine, wale wa rangi za upinde wa mvua, walipandikizwa katika mito na maziwa ya mlimani.

Trauti wa Rutundu havuliwi kwa mnyoo. Mvuvi hutumia ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Kwa kuwa mdudu huyo bandia hana uzito, mshipi wenyewe ndio hufanywa mzito, nao ndio hurushwa. Ufito hurudishwa nyuma, mvuvi akangoja mshipi ujikunjue hewani, kisha akausukuma mbele. Siku ya kwanza mshipi ulimzonga kijana shingoni, wageni wakacheka hadi machozi yakawatoka. Baada ya miezi sita alirusha vizuri kuliko wengi wao. Hata hivyo, hakunasa kitu. Alijua kurusha, hakujua kuvua.

Alipopewa likizo alirejea kwao na kijisanduku cha wadudu bandia, akakificha kwa haya. Babu yake, Myaaku mrina asali wa msitu wa Mukogodo, alikiona akakifungua. Hakuuliza habari za samaki. Aliwatoa wadudu mmoja mmoja, akawatazama kama aliyekutana na jirani wa zamani, akawataja majina kwa Kiyaaku. Wote 11 aliwafahamu kutoka chemchemi za msituni, ambako nyuki hunywa maji.

"Huyu hukaa chini ya jiwe mpaka jua lizame," alisema kwa Kimaasai, ili mjukuu aelewe. "Mbona wewe unamrusha mchana?"

Kijana aliporudi Rutundu aliacha kushindana na wageni. Alingoja magharibi, akamwacha mdudu yule azame kando ya mawe, akamvuta polepole. Mshipi ulikazika. Trauti aliyemtoa alikuwa na urefu wa kiganja na nusu, na mikono ya kijana ilitetemeka alipomrudisha majini.

Mwezi wa Desemba alikwenda kwa babu na daftari, akitaka yale majina 11. Mzee alikumbuka saba. Mengine yalimjia mdomoni yakarudi. "Waliokuwa wakiniitikia kwa maneno hayo wamekwisha," alisema, akaomba ugoro.

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Wayaaku waliacha mapango na uwindaji wakafuga ng'ombe, na pamoja na ng'ombe wakachukua Kimaasai. Leo wanaokijua Kiyaaku ni wazee wachache mno. Baba wa kijana hakukirithi, naye kijana alirithi Kimaasai cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni. Kiswahili kilimpa methali ya samaki. Kiyaaku ndicho kilichompa samaki mwenyewe.

Wanafunzi wa Kiswahili hujivunia, na kwa haki, lugha inayowaunganisha watu wa Doldol na wa Lamu. Yafaa wajiulize pia, kila waendapo nyanjani na madaftari yao, ni nani wa kuulizwa kwanza kabla jua halijazama. Daftari la kijana lina mistari 11. Minne bado i wazi.