Majini ya Kitabuni na Bibi wa Jirani

Mwanachuo mmoja aliyerudi kutoka mazoezi ya kufundisha aliniletea shauri. Alikuwa amewasomea watoto wa darasa la tano sura za mwanzo za Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1952, kisha akamwazima mtoto mmoja aendelee kukisoma nyumbani. Kesho yake baba wa mtoto alifika shuleni, akakiweka kitabu mezani kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kaa la moto, akasema kuwa hakumleta mwanawe shule afundishwe uchawi. Mwanachuo alitaka nimpe jibu la kumnyamazisha mzazi yule. Sikumpa, kwani mimi mwenyewe nimewahi kumdhuru mtu asiye na hatia kwa hadithi ya uchawi.

Shtaka la mzazi huyo si geni wala si letu peke yetu. Huko Marekani, vitabu vya J. K. Rowling vya mtoto mchawi, vilivyoanza kutoka mwaka 1997, vilichomwa moto hadharani katika mji wa Alamogordo mwishoni mwa mwaka 2001. Wachomaji walihofu kwamba mtoto akisoma uchawi atatamani kuutenda. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona hofu hiyo ikitimia. Mtoto aliyejaribu kugeuza kokoto kuwa andazi hushindwa mbele ya wenziwe, wakamcheka, naye akacheka, mchezo ukaisha. Mtoto anayetaka kuwa mchawi hanitishi. Ninayemwogopa ni yule aliyejifunza kumtambua mchawi kwa sura.

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, katika shule moja ya Usukumani. Kipindi cha hadithi kilipofika niliwasimulia watoto wa darasa la tatu habari za kizee mwenye macho mekundu, aishiye peke yake, ambaye usiku humpanda fisi akazunguka mijini mwa watu. Niliisimulia kwa ufundi wote niliojaliwa. Niliigiza sauti ya fisi, nikachuchumaa, nikakodoa macho. Watoto walikumbatiana kwa hofu na raha, nami nikaandika katika andalio la somo kwamba shabaha imefikiwa. Asubuhi iliyofuata baadhi yao walimtupia mabonge ya udongo bibi mmoja mjane aliyekuwa akiuza karanga chini ya mwembe karibu na uwanja wetu. Walimzomea, "Fisi! Fisi!" Bonge moja lilimpata juu ya jicho.

Mwanachuo anayetoka mbali na huko hana budi kuelewa uzito wa jambo hili. Macho ya bibi yule yalikuwa mekundu kwa sababu alikuwa amepika miaka zaidi ya hamsini katika moshi wa kuni na samadi, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Kwa sababu ya wekundu huo huo, wanawake wazee wengi wa mikoa ya Shinyanga na Mwanza wameuawa wakidhaniwa wachawi. Katika miaka ya 2000 yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, hata Januari 2015 Serikali ya Tanzania ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Nami, mwalimu niliyelipwa mshahara ili niondoe ujinga, nilikuwa nimewaonyesha watoto alama za kumtafutia.

Niliwapeleka watoto wale kwa bibi kuomba radhi. Alitupokea vizuri, akawapa karanga. Lakini hakurudi tena chini ya mwembe, na maji akawa anayafuata kwa njia ya mbali isiyopita shuleni.

Sasa tukitazame kitabu cha Shaaban Robert. Humo Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani kwa nguvu za jini, kwa sababu ya ubaya waliomtendea ndugu yao. Yapo ya ajabu tele, lakini hakuna hata moja linalomwelekeza mtoto kwenye mlango wa jirani. Nilipokifundisha, msichana mmoja aliniuliza kama manyani wale waliona njaa ya nyani au njaa ya mtu. Nilikosa jibu, nikalirudisha swali darasani, nalo likatumaliza kipindi kizima. Mtoto anayeuliza hivyo anafikiri, na sijapata kuona somo la uraia lililomfikirisha namna ile.

Wazee wetu waliyajua haya kabla ya vyuo vya ualimu. Msimuliaji wa pwani hakuanza hadithi mpaka aseme paukwa naye aitikiwe pakawa, na mwishoni hukiri kwamba hadithi ikiwa mbaya, ubaya ni wake yeye aliyeitunga. Huo ni mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mimi siku ile niliwaingiza watoto bila kuwatoa. Kengele ililia, wakatoka na kizee wangu vichwani mwao, na wa kwanza kukutana naye akawa bibi wa karanga.

Basi nilimshauri mwanachuo akirudishe kitabu kwa mzazi, akamwombe wakisome pamoja. Alikwenda jioni tatu. Jioni ya tatu mzazi alisema kuwa majini hayamsumbui tena. Linalomkera ni kwamba Adili anawapiga manyani kila usiku, na hao ni ndugu zake wa damu, hata kama analazimishwa. Mwanachuo akaniletea shauri jipya, tukakaa barazani mpaka giza likaingia, tukibishana kama Adili angeweza kukataa.